Habari moja, majibu mengi: mwongozo kamili wa kuandaa somo la Krismasi kwa kuwafuata watu walioipokea habari

Somo la Krismasi huchosha upesi kuliko masomo mengine ya Biblia, kwa sababu kila aliyekaa kwenye kiti anaamini anajua litakavyokwisha. Hori limetajwa, nyota imetajwa, malaika wameimba, watu wanaitikia amina na kutawanyika. Dawa yake ni kuacha kwa muda kumtazama mtoto na kuwatazama waliomzunguka. Mathayo na Luka wametuachia kundi kubwa la watu waliosikia habari moja na kila mmoja akaenda nayo upande wake: mzee anayebishana na malaika, msichana anayekubali, mchumba asiyesema neno, wafugaji wanaokimbia usiku, wageni wenye dhahabu, wataalamu wa Maandiko wasiotoka nje ya mji, na mfalme anayetuma askari.

Mwongozo huu ni wa anayeandaa somo hilo kwa kikundi cha kujifunza Biblia, darasa la vijana, au kwa ajili yake mwenyewe. Unafuata uzi mmoja. Karibu watu wote katika simulizi hii walianza kwa hofu, wema kwa waovu. Zakaria alifadhaika, Mariamu alifadhaika, wachungaji waliingiwa na hofu kuu, mfalme Herode naye alifadhaika. Kwa hiyo ukiuliza walihisi nini hutapata tofauti kubwa. Uliza walifanya nini dakika iliyofuata, hapo wanaachana.

Hatua ya kwanza: soma Injili mbili, kila moja peke yake

Usianze na tamthilia ya watoto uliyoizoea kichwani. Fungua Mathayo 1:18 hadi 2:23, soma yote kwa sauti, funga. Pumzika kidogo. Kisha Luka 1:5 hadi 2:40, vivyo hivyo. Kwa jumla ni kama nusu saa. Marko na Yohana waweke kando, maana hawasimulii kuzaliwa kwenyewe. Marko anaanzia jangwani na Yohana Mbatizaji, na Injili ya Yohana inaanzia mbali zaidi, kabla ya ulimwengu kuwako.

Ukisoma hivyo utaona mambo ambayo kadi za Krismasi zimeyafuta. Katika Mathayo hakuna wachungaji wala hori. Katika Luka hakuna nyota, hakuna Mamajusi (wale wageni wenye dhahabu), hakuna Herode anayewinda watoto. Mathayo anasimulia kwa upande wa Yusufu, kwa ndoto. Luka kwa upande wa Mariamu na jamaa zake, kwa nyimbo na hekalu. Nyakati nazo hazilingani. Wachungaji walifika usiku ule ule. Mamajusi walimkuta mtoto nyumbani, na Herode alipotoa amri ya kuua aliweka kipimo cha miaka miwili na chini, akifuata muda aliouhakikisha kwao. Haikuwa usiku mmoja.

Sasa chukua kalamu uandike usivyoviona. Mamajusi hawakutajwa kuwa watatu. Zilizotajwa tatu ni zawadi: dhahabu, uvumba na manemane. Hawakuitwa wafalme. Ng'ombe na punda hawapo. Na mwenye nyumba ya wageni, yule mtu mkali anayefunga mlango katika kila igizo la Krismasi, hayupo hata kidogo. Luka anasema tu kwamba hawakupata nafasi. Nimesikia mahubiri mazima yaliyojengwa juu ya moyo mgumu wa mtu huyo ambaye hakuandikwa popote. Ukitaka watu waliomkataa mtoto, wapo katika Mathayo 2, wana vyeo na mamlaka, na maneno yao yameandikwa. Huna haja ya kumbuni mwingine.

Tahadhari moja kabla hujasonga. Kuna mtu katika kikundi atakayeuliza kuhusu Kirenio, liwali wa Shamu katika Luka 2:2, na ile orodha ya watu, maana Herode alikufa karibu mwaka 4 KK, na orodha ya Kirenio inayojulikana katika historia ni ya mwaka 6 BK. Ni swali zuri na limejadiliwa sana. Mwambie mtalizungumza baada ya kikao, kisha shika uzi wako. Likiingia katikati linakula saa nzima.

Hatua ya pili: chora jedwali la safu tano

Karatasi moja kubwa inatosha. Safu ya kwanza ni jina la mtu au kundi. Ya pili, habari ilimfikia kwa njia gani. Ya tatu, alikuwa anajua nini tayari. Ya nne, alikuwa na nini cha kupoteza. Ya tano, alifanya nini.

Safu ya tano ina sharti: andika tu jambo ambalo mpita njia angeliona au kulisikia. "Alikwenda", "aliuliza", "alinyamaza", "aliondoka usiku". Usiandike "aliamini" wala "alikuwa na moyo mgumu". Sharti hili linaonekana la kibahili mwanzoni, lakini ndilo linalookoa somo. Kikundi kikiruhusiwa kuandika "aliamini", kila mtu mwema atapata neno hilo na jedwali litakuwa limekufa. Vilevile mtu asiyeshiriki imani yenu anaweza kulijaza pamoja nanyi bila kujilazimisha kusema asichokiamini.

Jaza jina moja mbele yao kama mfano. Wachungaji: habari iliwafikia kwa malaika, wakiwa zamu ya usiku, walijua mambo ambayo kila Myahudi aliyajua kuhusu mji wa Daudi, cha kupoteza walikuwa na kundi lao, walikwenda kwa haraka, wakamkuta, wakaeleza walichoambiwa, wakarudi wakimsifu Mungu. Mengine waachie.

Hatua ya tatu: waweke Zakaria na Mariamu bega kwa bega

Luka mwenyewe amewapanga hivyo, kwa hiyo utakuwa unafuata mkono wake. Malaika ni yule yule Gabrieli. Wote wawili wanaambiwa wasiogope. Wote wanaahidiwa mtoto ambaye kwa hesabu za kibinadamu hawezekani. Wote wanauliza swali. Zakaria anasema, "Nitajuaje neno hilo?" Mariamu anasema, "Litakuwaje neno hili, maana sijui mume?" Mmoja anaondoka bubu, mwingine anajibiwa kwa upole.

Hapa kikundi kitasimama, na usiharakishe kukinasua. Kwa nini swali la mzee likaadhibiwa na la binti likajibiwa? Watu wengi watasema sauti zilikuwa tofauti, lakini sauti hatukuisikia. Warudishe kwenye safu ya tatu. Zakaria ni kuhani, wa zamu ya Abiya, moja kati ya zamu 24 za hekalu. Yuko ndani ya patakatifu akifukiza uvumba. Anaifahamu hadithi ya Abrahamu na Sara, wazee waliopata mwana, na ya Hana aliyelilia mtoto. Ombi lake mwenyewe ndilo linalojibiwa. Na anachotaka ni ishara ya kumhakikishia. Mariamu hana mfano wowote nyuma yake. Bikira aliyechukua mimba hakuwahi kutokea. Hadai hakika. Anauliza jambo litatendekaje, na akishaelezwa anasema liwe kama lilivyosemwa.

Usimwache Zakaria hapo, kwa kuwa Luka hakumwacha. Miezi inapita, mtoto anazaliwa, majirani wanataka aitwe Zakaria kama baba yake. Elisabeti anakataa. Mzee anaomba kibao, anaandika kwamba jina lake ni Yohana, na mdomo unafunguka. Jibu lake la kwanza halikuwa jibu lake la mwisho. Katika jedwali mpe nafasi mbili, ya kabla na ya baada. Ni yeye pekee katika simulizi hii aliyeshindwa waziwazi kisha akapewa muda, na kuna watu katika kila kikundi wanaohitaji kuliona hilo kuliko wanavyohitaji kumwona Mariamu.

Elisabeti mwandikie sentensi moja: alimtambua mgeni wake kabla hajaelezwa, akamwita heri kwa kuwa alisadiki. Mwanamke ambaye mumewe amenyamazishwa kwa kutosadiki anamsifu jamaa yake kwa kusadiki, tena ndani ya nyumba ile ile. Na Luka anasema alipaza sauti kwa nguvu.

Hatua ya nne: Yusufu

Yusufu hana neno hata moja katika Injili zote nne. Safu yake ya tano kwa hiyo ni safi kuliko zote: aliamka, akamchukua Mariamu, akamwita mtoto Yesu, aliamka, akamchukua mtoto na mamaye usiku, akaenda Misri, aliamka, akarudi, akasikia Arkelao anatawala Uyahudi mahali pa Herode babaye, akaogopa kwenda huko, akaelekea Galilaya.

Swali la kukaa nalo ni la kabla ya ndoto ya kwanza. Mathayo anasema alikuwa mtu wa haki, na kwa sababu hiyo hakutaka kumwaibisha mchumba wake, akaazimu kumwacha kwa siri. Angalia haki ya mtu huyu ilivyoelekea. Alikuwa na kesi, kwa jinsi alivyoelewa mambo wakati huo, na sheria ilikuwa upande wake. Akachagua njia ya kumlinda aliyedhani amemkosea. Malaika alimkuta tayari ameshaegemea upande wa huruma. Katika safu ya nne andika "heshima yake", maana kumchukua Mariamu kulimaanisha kukubali kusemwa. Kisha songa mbele. Ukimrefusha Yusufu kwa maneno unamharibu.

Hatua ya tano: mistari mitatu ya Luka 2:18 hadi 20

Wachungaji wamefika, wameona, wameeleza. Ndipo Luka anaweka majibu matatu mfululizo. Wote waliosikia wakastaajabu. Mariamu akayaweka maneno hayo yote, akiyafikiri moyoni mwake. Wachungaji wakarudi, wakimtukuza Mungu na kumsifu.

Kundi la kwanza ndilo litakalowasumbua wasomaji makini. Walistaajabu, basi. Hakuna kilichoandikwa baada ya hapo. Hawakukataa, hawakufuata. Sura moja nyuma, majirani wa Zakaria walijiuliza mtoto huyu atakuwa wa namna gani, wakayaweka mioyoni mwao, na habari zikaenea milimani kote. Hawa wa Bethlehemu hatuna hata hilo kwao. Kustaajabu ni jibu jema kwa dakika ya kwanza. Uliza kikundi: mtu aliyestaajabu usiku ule alikuwa na nini asubuhi yake?

Kuhusu wachungaji, jihadhari na lile elezo linalopendwa sana, kwamba walikuwa watu wa kudharauliwa kabisa ambao ushahidi wao haukukubaliwa. Luka hasemi hivyo. Walikuwa watu wa kazi ya chini, kweli, lakini mji wenyewe unaitwa wa Daudi, na Daudi alikuwa mchunga kondoo wa hapo hapo Bethlehemu. Kinachowatofautisha kimeandikwa: hawakuomba ishara, wakapewa ishara, na wakaenda kuitazama kabla haijapoa. Na baadaye walirudi kazini. Hakuna aliyeacha kondoo akawa mwanafunzi. Wale wanaodhani jibu la kweli lazima liwe la kuacha kila kitu wataona hapa watu waliorudi pale pale walipotoka wakiwa na jambo la kusema.

Hatua ya sita: Yerusalemu

Ukiwa na kikao kimoja tu, tumia nusu yake hapa. Mathayo 2:1 hadi 12 imewakutanisha watu wa aina tatu mbele ya habari moja, ndani ya mji mmoja, na hakuna mahali pengine katika simulizi ambapo tofauti inaonekana wazi namna hii.

Anza na mfalme. Herode alitangazwa mfalme na Seneti ya Roma mwaka 40 KK, na ilimchukua hadi 37 KK kuuteka mji uliokuwa wake kwa karatasi. Ukoo wake ulikuwa wa Idumea, nchi ya kusini mwa Uyahudi, hakuwa wa nyumba ya Daudi, na alilijua hilo vizuri kuliko yeyote. Alimwua mkewe Mariamne. Aliwaua wanawe Alexander na Aristobulus, na siku chache kabla ya kufa kwake akamwua Antipater pia. Mwandishi Josephus, aliyesimulia hayo yote, hakuandika kuhusu watoto wa Bethlehemu, lakini asomaye orodha hiyo hashangai kwamba mtu kama huyo aliposikia "Yuko wapi yeye aliyezaliwa mfalme wa Wayahudi?" alifanya alichofanya. Mamajusi wanauliza aliyezaliwa mfalme. Herode hakuzaliwa mfalme.

Sasa jambo ambalo kikundi hakitalitarajia. Herode aliusadiki unabii. Angeuona ni upuuzi angecheka na kuwapa wageni chakula. Aliwakusanya makuhani, akauliza mahali. Akawaita Mamajusi kwa siri, akauliza muda. Mahali na muda, vitu viwili anavyohitaji mtu anayetaka kupiga bila kukosea. Kisha akasema naye anataka kwenda kumsujudia. Alichukua Maandiko kwa uzito kuliko watu wote waliokuwa ukumbini, akayatumia kama ramani ya mauaji. Ndiyo sababu tulikataa neno "aliamini" katika safu ya tano. Tungelikubali, tungelazimika kumwandikia Herode.

Makuhani wakuu na waandishi waliulizwa Kristo atazaliwa wapi, wakajibu bila kusita: Bethlehemu ya Uyahudi, na wakataja maneno ya nabii Mika. Jibu sahihi kabisa. Kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kilometa zisizofika kumi, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Mathayo hamtaji hata mmoja aliyekwenda. Penye miti hapana wajenzi.

Mahubiri mengi hapa huwalaumu kwa uvivu wa kiroho, na huenda ni kweli. Mimi nasoma tofauti kidogo. Mathayo anasema Herode alifadhaika, "na Yerusalemu pia pamoja naye". Mji ulifadhaika. Waliokaa chini ya mtu aliyeua wanawe mwenyewe walijua kwenda kumtembelea mfalme mwingine kuna gharama gani. Inawezekana walikaa kwa kuogopa, na mtu mwenye elimu ana maneno mengi mazuri ya kuifunika hofu yake. Acha kikundi kibishane: ilikuwa kutojali au woga? Maandishi hayafungi mlango upande wowote, na mabishano haya ndiyo yatakayowafanya wajitazame bila wewe kuwaambia wajitazame.

Mamajusi nao wasipakwe sukari. Methali husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa walikuja na wenyeji wakafadhaika. Waliingia katika mji wa mfalme mwenye wivu wakauliza hadharani aliko mfalme mwingine, na swali lao lilianzisha mnyororo uliofika kwenye malango ya Bethlehemu. Hawakujua. Nia yao ilikuwa njema na watu waliumia. Kikundi kilichokomaa kinaweza kulibeba hilo. Kilicho kichanga, lipitie kwa upole.

Hata hivyo orodha ya waliyoyatenda ni ndefu kuliko ya yeyote: waliona, walisafiri, waliuliza, walisikiliza, walikwenda, walifurahi, waliingia, walisujudu, walitoa, wakarudi kwa njia nyingine. Nyota iliwaleta hadi Yerusalemu, lakini kufika Bethlehemu walihitaji neno la nabii kutoka vinywani mwa watu ambao wenyewe hawakwenda. Na ile ya mwisho, njia nyingine, ilikuwa uasi dhidi ya amri ya mfalme. Mara nyingi tunasimama kwenye dhahabu. Simama pia kwenye barabara ya kurudi.

Kabla ya kuondoka Yerusalemu, ziba ufa mmoja. Somo hili limewahi kutumika kusema kwamba Wayahudi walimkataa na wageni wakampokea. Rudini kwenye jedwali mhesabu. Mariamu, Yusufu, Elisabeti, Zakaria, wachungaji, Simeoni, Ana: wote ni Wayahudi. Mstari wa kugawanya haupiti kati ya mataifa. Hata ukumbini mwa Herode unapita kati ya wenye cha kulinda na wasio nacho, na hata hapo si kwa unyoofu.

Hatua ya saba: hekaluni

Rudi Luka 2:22 hadi 38. Kwa mtoto wa kiume, sheria ya Walawi 12 iliweka siku 40 kabla ya mama kwenda na sadaka, na aliyeshindwa mwana-kondoo aliruhusiwa ndege wawili. Mariamu na Yusufu wanatoa ndege. Ni sadaka ya maskini, na inadokeza kwamba dhahabu ya Mamajusi ilikuwa bado haijafika.

Simeoni anamchukua mtoto mikononi na kusema yuko tayari kuondoka kwa amani. Wengi huishia hapo. Msiishie, kwa sababu maneno anayomgeukia nayo Mariamu ndiyo kichwa cha somo lenu lote, kimeandikwa na Luka mwenyewe: mtoto huyu amewekwa kwa kuanguka na kuinuka kwa wengi katika Israeli, awe ishara itakayonenewa, na mawazo ya mioyo mingi yafunuliwe. Nafsi ya mama nayo itachomwa kwa upanga. Aliyekubali kwa moyo wote anaambiwa kukubali kwake kutamuumiza.

Ana binti Fanueli, wa kabila ya Asheri, aliishi na mumewe miaka saba, kisha ujane mrefu ndani ya hekalu. Alifika saa ile ile, akashukuru, akawaambia wote waliokuwa wakingojea. Ana na wale waandishi wa Mathayo walikuwa watu wa hekalu, na kila upande uliyajua Maandiko. Waweke karibu katika jedwali uone.

Hatua ya nane: usiruke kilio

Mathayo 2:16 hadi 18 huachwa nje ya karibu kila ibada ya Krismasi. Wazazi wa Bethlehemu nao waliitikia kuzaliwa huku, kwa namna ambayo hawakuichagua: walilia. Mathayo anawapa sauti kwa maneno ya Yeremia kuhusu Raheli akataaye kufarijiwa. Idadi ya watoto haikuandikwa; usitaje namba yoyote.

Mtu mmoja asome mistari hiyo mitatu polepole, halafu kaeni kimya kidogo. Usiulize "tunajifunza nini hapa". Inawezekana kati yenu yupo aliyezika mtoto, na swali hilo litamfanya msiba wake uwe zoezi. Kwa darasa la watoto wadogo inatosha kusema mfalme alitaka kumdhuru mtoto na familia ikakimbilia nchi ya mbali. Usimfute Herode kabisa. Watoto wanajua watu wakali wapo, na simulizi lisilo naye wanaliona kuwa la uongo.

Hatua ya tisa: kuongoza kikao chenyewe

Kwa kikao cha dakika 90, tumia 25 kusoma kwa sauti, 30 kujaza jedwali katika makundi madogo, na 35 kujadili wote pamoja. Usisome kila kitu mwenyewe. Mpe mtu mmoja maneno ya Gabrieli, mwingine ya Mamajusi, mwingine ya Herode. Yusufu naye apewe msomaji, akae mbele ya watu bila kusema chochote hadi mwisho; wataanza kumtazama.

Ukiwa na wiki kadhaa, Jumapili nne za Majilio, zile zinazotangulia Krismasi, zinagawanyika vizuri: Zakaria na Mariamu, kisha Yusufu, kisha wachungaji, kisha Simeoni na Ana. Yerusalemu ipeleke baada ya Krismasi, karibu na tarehe 6 Januari, siku ambayo makanisa mengi huadhimisha kufika kwa Mamajusi. Watu watakuwa wametulia na nyimbo zimepungua.

Swali la "wewe unafanana na nani?" lisiwe la kwanza. Likiulizwa mapema, kila mtu atachagua wachungaji. Anza na haya, kwa mpangilio huu: Ni nani aliyejua mengi akafanya machache? Ni nani aliyejua machache akafanya mengi? Ni nani aliyekuwa na cha kupoteza zaidi, na alikilinda kwa njia gani? Kuna mtu uliyemhukumu haraka kabla ya kuangalia safu yake ya nne? Wakishafika hapo, la kufanana halihitaji kuulizwa. Mtu mmoja atalisema mwenyewe, kwa kawaida akiwataja wale makuhani wa Yerusalemu.

Mtu akianza kueleza nyota ilikuwa nini, sayari zilizokutana au kimondo, mpe dakika mbili, mshukuru, kisha muulize Mamajusi walifanya nini baada ya kuiona. Anayetaka kuwagawa watu wa jedwali kuwa waliookoka na wasiookoka, muulize atamweka wapi Zakaria wa sura ya kwanza, mwanzoni mwake.

Hatua ya kumi: usitupe karatasi

Jedwali lihifadhi hadi Pasaka. Lile jina walilolitumia Mamajusi, mfalme wa Wayahudi, Mathayo analirudisha katika sura ya 27: Pilato analiuliza, askari wanalifanyia mzaha, na linaandikwa juu ya msalaba. Wakuu wa makuhani wanarudi. Mji unataharuki tena katika 21:10. Hata ndoto inarudi, na inamjia tena mtu wa mataifa: mke wa Pilato, katika 27:19, anayempelekea mumewe onyo kama Mamajusi walivyoonywa, ila huyu mume hakupita njia nyingine. Ongeza majina hayo chini ya yale ya Desemba, na safu ziwe zile zile tano.